Kazija Tumeshamzika

Shangani, Mjini
11 Aprili 1970

Dada Sichana,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani Mkokotoni. Mimi mzima wa mwili. Mengine nitakueleza, ila ukishaisoma tafadhali ichome. Usiitie mkobani wala usiifungie maandazi.

Umeniuliza kazi yangu ni nini khasa, maana huko wanasema nduguyo kaajiriwa kunywa damu. Hatunywi. Tuko wanne: Daktari Lindner, Mjerumani, Bwana Msabah, karani mkuu, Mjaka, anayetoa damu, na mimi, karani wa kadi. Wagonjwa wetu ni tisa, na wote wana ugonjwa mmoja, ule wa mwili kujipiga wenyewe. Daktari amenieleza, na mimi nimeelewa nusu. Huchukua damu, akatoa chembe nyeupe, akazitia katika mirija ya kioo myembamba kama sindano, akailaza ndani ya kisahani chenye maji ya rangi ya sharubati. Kwa mtu mzima, mpaka siku ya pili chembe zimeshatambaa nje ya mrija zikatanda kama unga uliomwagika. Kwa mgonjwa wetu hubaki zimejikunyata mdomoni. Anasema ziko chembe nyengine zinazotoa kitu kidogo mno, wala wataalamu hawajakubaliana kukiita nini, na kitu hicho huziamrisha zile za mrijani: simameni hapa, adui yupo. Na adui hayupo. Kuna viungo vya mtu mwenyewe, ngozi yake, figo zake. Vidonge vyeupe anavyowapa ni vya kuituliza amri hiyo.

Kazi yenyewe ingenipendeza. Kinachonitapisha ni ofisi. Bwana Msabah hula pweza wa kukaanga juu ya meza ya kadi, akalamba kidole gumba, akafunua kadi, akasoma kwa sauti: "Huyu nywele zimemtoka, Hamad, kama kuku wa arusi!" Halafu hucheka na kidole kinarudi mdomoni. Zipo na picha. Mtu amesimama bila nguo, kashika kibao chenye nambari. Bwana Msabah anazijua zote kwa moyo.

Ndiyo maana sikutaka mdogo wetu Kazija apigwe picha ile mara moja alipokuja, kakonda, kajifunika buibui mpaka macho, nikasema kamera imeharibika. Dada, nakukumbusha tena. Sote tumetia saini kuwa jamaa wa mfanyakazi hataingizwa katika utafiti huu. Mimi nimemwandika "Kazija Shaame", kwa jina la babu, ili lisifanane na langu. Siku hizi mtu akiitwa kutoa maelezo haulizwi mara moja akaachiwa. Basi vidonge visionekane, na akija mtu kuuliza, hamna habari ya dawa yoyote. Mwambie shangazi pia.

Yuko mwanamke mmoja wa Mbweni, Bi Borafya, mshona kofia. Alipokuja mara ya kwanza alibebwa. Sasa huja kwa miguu yake na kunidhihaki: "Karani, mbona unaandika kama unaiba?" Niliifunika kadi kwa kiganja. Kumbe anatania tu.

Nduguyo,
Hamad Silima


Mkokotoni
24 Aprili 1970

Mdogo wangu Hamad,

Barua nimeichoma, na nimelia kwa moshi maana kuni zote zimerowa kwa masika. Nyengine utakayoandika uandike fupi.

Kazija hajambo. Anachota maji, anasuka ukili, uso umemjaa mpaka watu wanadhani kaposwa. Lakini usimwite Kazija tena. Unakumbuka mila ya nyumbani kwa bibi, kule Tumbatu: mtu akiugua kupita kiasi, jina limemlemea, avuliwe. Shangazi Mwanapili alikata shauri. Alhamisi ya wiki iliyopita kachukua kanga kuukuu ya mdogo wako, kaifunga kama maiti, kaichimbia nyuma ya nyumba, na sote tukaambiwa: Kazija kafa, tumeshamzika, aliyebaki ni Mwanakheir. Kwa siku arubaini akiitwa kwa jina la zamani asiitike, na atakayeuliza aambiwe vivyo hivyo kwa uso mkavu, kwani maradhi nayo yana masikio. Mimi sikubishana. Wewe una mirija yako, shangazi ana kanga yake, na mtoto kapona.

Sasa usikie. Juzi Jumatano nilikuwa sokoni, ikaja Landrova ya ofisi yenu. Kateremka bwana mnene na mwengine mwenye sanduku. Shangazi alikuwa ukumbini na Kazija kakaa pembeni yake. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenihadithia, anacheka mpaka anashika mbavu.

"Tunamtafuta Kazija Shaame."

"Kazija kafa. Tumeshamzika."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Inna lillahi. Na huyu?"

"Huyu Mwanakheir. Mwanakheir Silima."

"Naye anaumwa hivyo hivyo?"

"Si unaviona vidole vilivyokuwa! Ila sasa vinalegea, alhamdulillahi."

"Ameshatumia dawa yoyote ya spitali?"

"Dawa? Dawa gani, mwanangu, na maduka yenyewe hata sukari hayana?"

Wakamtoa damu, wakaenda zao. Si umetuambia tufiche? Tumeficha. Tena naona umepona wewe pia, maana yule Kazija Shaame wako wa uwongo sasa hayupo wa kuulizwa.

Barua hii nampa Machano wa gari la Mkokotoni. Mpe na wewe zako.

Dadako,
Sichana


Shangani
3 Mei 1970

Dada,

Usicheke. Mwambie na shangazi asicheke.

Barua yako nimeipata Alhamisi. Lakini Bwana Msabah alirudi ofisini Jumatatu, na Jumatatu hiyo alinikalisha mezani akanisomea, nami niandike. Alisema: "Kazija Shaame, Mkokotoni. Amefariki tarehe kumi na sita Aprili." Nikaandika. Dada, nimeandika kifo cha mdogo wangu kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, na kalamu haikutetemeka. Akaniuliza, "Umeandika tarehe?" Nikasema, "Naam, bwana." Kisha akasema: "Mwanakheir Silima, Mkokotoni, miaka kumi na tisa, ugonjwa huo huo, hajatumia dawa." Akanyanyua macho. "Silima. Jamaa zako?" Nikasema akina Silima ni wengi kule. Akalamba kidole akafunua kadi nyengine.

Kwa siku tatu niliamini Kazija amekufa. Nilijiambia mngeniletea habari. Kisha nikajiambia pengine mmeogopa kunitia matatani. Sikuomba ruhusa kuja, maana ningeulizwa nakwenda kumzika nani. Nilikula, nikaoga, nikapanga kadi. Machano aliponipa barua yako niliisoma chooni, nikacheka, na papo hapo nikatapika. Sijui kwa nini nakwambia haya, ila sina mwengine wa kumwambia.

Lakini hayo si makubwa. Damu ya "Mwanakheir" ilipotiwa mirijani chembe zilitanda pana, kama za mtu mzima. Daktari alituita sote tuangalie kwa darubini. Alifurahi mpaka masikio yamekuwa mekundu. Anasema: tazameni, huyu hakunywa kidonge hata kimoja na ile amri imenyamaza yenyewe, na yule mwenzake wa kijiji hicho hicho, aliyekunywa, amekufa. Siku zote alikuwa na wasiwasi na vidonge vile. Sasa anaona vinauzuia mwili kujituliza wenyewe. Ijumaa ametoa amri wagonjwa wanane waliobaki wapunguziwe kidogo kidogo, mpaka baada ya wiki tatu wasiwe na chochote, naye aangalie damu zao kila Jumatano.

Na mimi nilisimama pale, nikaangalia kwenye darubini, nikasema, "Kweli, Daktari."

Ningesemaje? Kwamba kilichozikwa ni kanga? Kwamba mgonjwa ni ndugu yangu, na nilidanganya jina, na niliwaagiza mseme hamna dawa?

Vidonge vya Kazija msiwe na hofu navyo. Nitaleta.

Hamad


Mkokotoni
21 Mei 1970

Hamad,

Maulidi yamepita salama. Kazija kapika na wenzake, kakaa chini kanyanyuka mwenyewe. Vidonge umeleta, bahasha mbili, ahsante.

Lakini nina swali, na mimi si mtu wa kuzunguka. Hawa wanane walioondolewa dawa hali zao zikoje? Umeandika ukurasa mzima juu ya mkono wako usiotetemeka, na juu yao mstari mmoja. Na kama Daktari amezuia dawa kwa wote, wewe hizi unazipata wapi?

Tena jambo jengine. Kazija nilipomsomea barua yako, hakula jioni ile. Anasema: "Kumbe mimi ndiye mwenye damu nzuri?" Nikamwambia usijishughulishe. Akasema, "Nzuri kwa sababu ya kidonge, na wao wanaona kwa sababu sikunywa." Mtoto hakumaliza skuli lakini kaelewa kuliko Daktari.

Njoo nyumbani tuzungumze.

Sichana


Shangani
30 Mei 1970

Dada mpenzi,

Siwezi kuja, kazi ni nyingi. Vidonge nimevipata stoo, vilikuwa vimebaki, usiulize zaidi kwani si vizuri kuyaandika.

Wagonjwa hawajambo kiasi. Ni kweli wawili watatu homa zimewarudia, lakini Daktari anasema ni jambo la kupita, mwili unajifunza. Yeye huwaangalia kwa makini mno. Ni muungwana kwao, huwashukuru, huwapa chai. Hilo nalo linanipa karaha siwezi kukueleza. Juzi Bi Borafya kafika kashikiliwa na binti yake, magoti yamevimba, kule usoni wekundu umerudi juu ya pua na mashavuni. Daktari kampa chai. Kikombe hakukiweza. Mjaka kamnywesha kwa kijiko, na Daktari anaandika: "Hawezi kushika kikombe."

Bi Borafya hakuacha mzaha wake. Alimwambia Mjaka: "Taratibu, mwanangu, mimi si mtungi." Kisha akanigeukia: "Na wewe, karani, mbona leo hunitazami? Umenikopa?" Nilimwambia akande vidole kwa mafuta ya nazi ya moto.

Bwana Msabah alipokuwa akiandika uzito wake alisema, mbele yake, "Huyu anakwisha vizuri." Alikuwa na maana mshumaa wa mezani, alidai baadaye. Wala hapakuwa na mshumaa.

Nalala nikiota nimelamba kidole gumba. Nisalimie shangazi.

Hamad


Mkokotoni
8 Juni 1970

Hamad bin Silima,

Nimekuita kwa jina lako kamili ili ujue nimekasirika kiasi gani.

Jana nilikuwa nakiweka kidonge cha mwisho cha bahasha yako ya tatu mkononi mwa mdogo wako. Bahasha nikaishika kwenye jua niitie mbegu za mchicha. Wewe tangu skuli unaandika kwa kukandamiza, mwalimu alikuwa akikusifu. Umefuta kwa mpira, lakini karatasi imebonyea. Nimesoma "Borafya, Mbweni." Nikazitafuta zile nyengine. Moja imeandikwa "Borafya", moja sikuimaliza.

Kwa hivyo wagonjwa wanakurudishia dawa zao, wewe unaziandika kuwa zimerudi, halafu unamletea mdogo wako. Dawa umeitoa mdomoni mwa mama wa watu ukaitia mdomoni mwa mdogo wangu. Halafu kila wakija huku kumtoa damu mdogo wangu, imetulia kwa vidonge vya mama yule, Daktari anaiangalia anasema, ehe, mnaona, havihitajiki! Na huyo mama anazidi kunyimwa. Hivi ulikaa ukaupanga mduara huu au ulikuja wenyewe?

Nimetapika, Hamad. Wewe umeandika sana habari za kutapika kwako, basi na mimi nimeipata zamu yangu. Bwana Msabah wako hulamba kidole, na wewe una mikono misafi. Nimemfikiria yeye na nimekufikiria wewe, na sijui nani ningemkaribisha chakula.

Kama ungesema mwanzo, ungefukuzwa kazi. Basi. Baba hakuwa na kazi ya ofisi na tulikula.

Nakupa wiki moja umwambie Daktari. Kazija anataka kuongeza maneno yake, mwandiko wa mwisho ni wake.

Sichana

Kaka Hamad. Shikamoo. Mimi naogopa kulirudia jina lile, sikufichi. Tangu waizike ile kanga nalala vizuri, na shangazi anasema nikiitika tu yote yatarudi. Siku arubaini zimeshapita lakini bado naogopa. Ila nilipokuwa siwezi kufunga kanga yangu, Dada alinifungia. Huyo Bi Borafya anafungiwa na nani? Sitakunywa tena mpaka nijue na yeye amepata. Kazija.


Ofisini
12 Juni 1970

Ndugu Hamad,

Barua yako kwa Daktari ya tarehe kumi nimeisoma mimi, kwa kuwa barua zote za ofisi hupita kwangu. Nikupongeze kwanza kwa mwandiko. Vijana wengi siku hizi hawajui kuacha pambizo.

Yaliyomo nilikuwa nayajua. Mtu anayeitwa Silima anapoambiwa Silima akatoka jasho, mimi karani wa miaka ishirini na mbili nisijue? Lakini nilikaa kimya kwa kuwa nakupenda kama mwanangu, na kwa kuwa jambo limeshafika mbali. Taarifa ya Daktari imeshakwenda kwao. Mwezi wa tisa anakwenda kuisoma mbele ya wataalamu, na amesema atachagua mmoja wetu kwenda kusoma huko miaka miwili. Nilitaja jina lako. Nani mwengine? Mjaka hajui hata kuandika nambari vizuri.

Kuhusu Kazija Shaame: huyo nimemwandika mimi kuwa marehemu, na mimi katika utumishi wangu sijapata kumfufua mtu. Aliyekufa kwenye kadi amekufa.

Kuhusu vidonge ulivyovichukua: mimi sijaviona. Lakini akitokea mtu wa kuviona, hiyo si habari ya kufukuzwa, ni mali ya serikali, na wewe unajua maana yake kuliko mimi nitakavyokuandikia.

Barua nimeichana. Jumatano tuna kliniki, ufike mapema upange mabenchi. Na uniletee pweza kwa yule wa Darajani, asiwe na pilipili nyingi.

Msabah
Karani Mkuu


Shangani
13 Juni 1970

Dada Sichana, na Kazija,

Nimemwandikia Daktari na barua haikumfika. Imechanwa. Hivi sasa nnayo ya Bwana Msabah mkononi na imetapakaa mafuta.

Kumwendea Daktari kwa mdomo nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nimesimama mlangoni akaniuliza nataka nini, nikasema nimekuja kuchukua wino. Mara ya pili hivyo hivyo. Sasa nina chupa mbili za wino.

Mwanamme mzima na skuli yangu yote, nimeshindwa. Sina cha kumwonesha ila maneno, na maneno Bwana Msabah anayo mengi kunishinda. Lakini hawezi kumchana Kazija. Kliniki ni Jumatano, saa tatu. Kwenye benchi mimi ndiye ninayeita majina, na Daktari huwa amekaa mbele yangu.

Sikuombi uje, Kazija. Nakwambia tu kwamba nitaita majina yote tisa.

Hamad


Mjini
26 Juni 1970

Dada Sichana,

Nilipowaambia mwondoke kliniki Jumatano ile, mara tu Kazija alipoitika jina lake, mkapanda gari la Machano, hamkuyaona yaliyofuata, na ni haki yako kuyajua. Mpe pole Kazija. Alipoitika "Naam" nilimwona kashika ubao wa benchi. Mimi nilikuwa nimeliita jina lile kwa sauti ndogo mno mpaka nilidhani hakusikia. Bwana Msabah alisikia.

Nilimweleza Daktari yote mbele ya wagonjwa wake, na Mjaka, maskini, ndiye aliyenisaidia, akasema ni huyu huyu aliyemtoa damu Mkokotoni kwa jina la Mwanakheir. Nilidhani Daktari atapiga meza. Hakukasirika, Dada. Alianza kuhesabu kwa kalamu: wiki alizokunywa, siku damu ilipotolewa, siku wenzake walipozuiliwa. Macho yakamng'ara. Akasema, basi dawa inafanya kazi, na tumeona wazi kuliko tungeliona kwa kupanga; tuna wanane wasiokunywa na mmoja aliyekunywa. Akamwomba Mjaka atoe damu za wote saa ile ile kabla kidonge hakijarudi. Bi Borafya alikuwa ameegemea ukuta, anapumua kwa mdomo. Walimtoa wa kwanza. Kisha ndipo wakampa dawa.

Alasiri ile ile vidonge vilirudi kwa wote. Taarifa ya kwanza amepeleka simu ya maandishi kwao isisomwe. Kazija atapewa kwa jina lake na la baba yake, kwa ruhusa. Hilo Daktari kaliandika mwenyewe na nimeliona.

Bwana Msabah alimwambia Daktari kwamba alikuwa akinishuku muda mrefu, akingoja ushahidi. Barua yangu ya kufukuzwa kaiandika yeye. Pambizo zake zimekwenda upande. Jumatatu nimeambiwa niende kutoa maelezo juu ya vidonge. Nitakwenda. Nimeacha nguo zangu kwa Mjaka na funguo ya chumba. Naogopa, lakini si kama nilivyokuwa nikiogopa.

Mjaka aliniomba jana nimpelekee Bi Borafya bahasha yake Mbweni, kwa kuwa hawezi kutembea mpaka kliniki na Landrova haina petroli. Ningeweza kukataa. Nilikwenda kwa miguu.

Nilimkuta kakaa juu ya mkeka mlangoni. Homa imempungua, na wekundu wa uso. Vidole bado vimesimama kama vya mtu anayekataa kitu. Daktari anasema labda vitarudi, labda havitarudi. Kofia aliyokuwa akiishona imetundikwa ukutani na sindano yake. Hakunitania. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniacha nimesimama.

Akasema, "Jumatano ile nilikuwa na homa, sikuyafahamu yote. Nieleze wewe."

Nikamweleza.

"Ulijua toka lini?"

"Toka Alhamisi ya mwisho wa Aprili."

"Siku ngapi hizo, wewe si karani?"

"Arubaini na nane, mpaka siku niliyosema."

"Na vidonge vyangu akivila nduguyo."

"Naam, Bi Borafya."

"Nduguyo simlaumu. Mgonjwa hula anachopewa." Binti yake alikuwa akitwanga nyuma ya nyumba, akaacha kutwanga. "Na kuogopa pia sikulaumu. Nani haogopi siku hizi? Lakini wewe ulinishika vidole, Hamad. Siku ile ya mafuta ya nazi. Ulivishika kimoja kimoja, ukavinyoosha, ukanambia Bi Borafya subira, vitalegea. Mimi nikaja nyumbani nikamwambia mwanangu, yule karani ndiye pekee mwenye huruma pale."

Hilo sikukuandikia, Dada. Katika barua ile niliandika nilimwambia tu. Nilimshika. Na bahasha yake ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilipiga magoti nikamnyooshea dawa. Akarudisha mikono yake nyuma, akaificha ndani ya kanga.

"Iweke chini. Wiki ijayo aje mwengine."

Nikaiweka kizingitini, nikaaga, hakuitika. Nilipofika kwenye wembamba wa njia niligeuka. Alikuwa akiivuta bahasha ndani kwa kisigino, kidogo kidogo, kwa kuwa mikono haikamati, na uso kaugeuzia ukutani.

Nduguyo,
Hamad